Nani Aliyepokea Moto?

Asubuhi ya siku ya uamuzi wakili alivaa viatu visivyo ndugu, kimoja cheusi, kingine cha buluu iliyokoza, na hakuna mtu nyumbani aliyemwambia. Baba yake hakuona, maana macho yake siku hizi yanachagua cha kuona. Mama yake aliona vizuri sana. Lakini mama na binti walikuwa wamenuniana tangu jana yake, na mtu uliyemnunia humwambii habari za viatu.

Wakili mwenyewe alikuwa na akili nyingi za mahakamani na chache za kabatini. Wenzake aliosoma nao walikwenda kutetea mabenki na kampuni za bima, wakanawiri. Yeye alikwenda kutetea wapakiaji mizigo, wauguzi, wafuma nguo na madereva wa magari ya taka, akabaki na mwili wake ule ule wa chuoni na tabia ya kula chakula cha mchana akiwa amesimama. Vyama vya wafanyakazi vilimpenda. Wanachama walimpa jina la Kifungu, kwa sababu, walisema, hata ukimwuliza hali yake atakujibu kwa kutaja kifungu cha sheria. Alijitia kuudhika na jina hilo, kumbe lilimpendeza.

Ugomvi wa jana ulihusu mwanamume. Ulianzia jikoni, mama akimenya vitunguu alivyovitoa kwenye helmeti.

Hapa inabidi nieleze kuhusu helmeti hiyo. Ilikuwa ya njano, imechujuka, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa bakuli la vitunguu la nyumba ile. Zamani ilikuwa ya baba. Alifanya kazi kiwanda cha saruji, na binti yake alipokuwa bado anatambaa, yeye na wenzake waligoma, wakafukuzwa wote kwa mkupuo, wala hawakupata wakili wa kuwasemea. Unga ukamwagika. Baba alirudi nyumbani siku hiyo helmeti ikiwa bado kichwani, amesahau hata kuirudisha, akakaa kitini mpaka kesho yake. Mama ndiye aliyefua nguo za watu mpaka vidole vikachubuka ili mtoto asome. Siku moja aliitoa ile helmeti ukutani, akaitia vitunguu. Baba aliona, na tangu hapo hapakuwa na mazungumzo juu yake. Binti alikua akichukua vitunguu humo kama watoto wengine wanavyochukua kwenye kapu, na alipofika chuoni na kuulizwa kwa nini amechagua sheria ya kazi, alijibu kwa maneno mengi ya kisomi, lakini alichokuwa anakiona kichwani ni vitunguu.

"Nimeishi na mwanamume wa mgomo," mama alisema jana yake, bila kuinua macho kwenye kisu. "Najua wanavyotoka na najua wanavyorudi. Sikukufulia nguo za watu ili na wewe uje ukae mlangoni ukingoja."

"Baba yuko sebuleni, mama. Anasikia."

"Anasikia, na hana cha kubisha."

Kweli baba hakubisha. Alikohoa tu. Mama akaendelea kwamba hana ugomvi na kijana mwenyewe, ameambiwa ni mtu mwenye heshima zake, lakini heshima haichemshwi ikaliwa. Akamtaka binti yake amwahidi kitu kimoja: kesi ikishindwa, na kijana akibaki hana kazi, amsahau. Wakili akasema hana haja ya kuahidi. Kijana mwenyewe ameshakata shauri hilo peke yake.

"Ninyi wawili mmeshapanga maisha yangu," alisema. "Mimi mmenibakishia kazi ya kushinda kesi." Akaingia chumbani, na kununa kukaanza hapo.

Kijana huyo kazini walimwita Cheche. Alikuwa kiongozi wa zamu ya jioni kwenye tanuru la kiwanda cha chupa, mrefu, mpole, mwenye nyusi moja iliyokatika katikati. Cheche ya kioo iliruka siku yake ya kwanza kazini ikampitia hapo, na jina likabaki kama nyusi ilivyobaki. Wakili alimwona mara ya kwanza nje ya geti, mvua ikinyesha, siku alipokwenda kuchukua maelezo ya wafanyakazi waliofukuzwa. Watu wote walikuwa wanasema kwa pamoja. Yeye hakusema kitu. Alisimama nyuma ya wakili ameshika turubai juu ya kichwa chake, mikono imeinuka, mpaka maelezo ya mtu wa mwisho yakaisha, na wakili alipogeuka kumshukuru aliona kwamba yeye mwenyewe amelowa chepechepe. Akasahau swali alilotaka kuuliza. Kwa mwanamke yule, kusahau swali lilikuwa jambo la kumwita daktari.

Mambo yalikwenda taratibu, kikao baada ya kikao, mpaka siku moja kwenye mgahawa ulio mkabala na mahakama Cheche aliweka kikombe chini akamwambia waziwazi kwamba anampenda na angependa kumwoa. Wakili alihisi moyo unamruka kama mtu aliyekosa ngazi. Akajikaza kisabuni.

"Wewe ni shahidi wangu mkuu," alimjibu. "Upande wa pili wakijua, hawatauliza tena uliona nini. Watauliza unalala wapi. Wenzako wote watakosa kazi kwa sababu yangu. Mpaka uamuzi usomwe, mimi ni wakili na wewe ni shahidi, basi. Ukisomwa, niulize tena."

Cheche alifikiri kidogo. "Tukishinda nitakuuliza," alisema. "Tukishindwa sitauliza. Sitamtoa binti wa watu kwao nikamtie kwenye njaa. Mama yako nimesikia anavyosema, na siwezi kumlaumu."

Wakili angetaka kubisha, lakini uso wa Cheche ulikuwa uso wa mtu aliyekwisha kufunga mlango na kuweka ufunguo mfukoni. Tangu siku hiyo Cheche alitii sharti la wakili mpaka likamtesa mwenye kulitoa. Alimwita Mheshimiwa. Alikaa viti viwili kutoka kwake. Hakumtazama usoni, alitazama chini kama mtu aliyedondosha sindano. Wakili alikuwa akirudi nyumbani na hasira asizojua amkasirikie nani, maana sharti lilikuwa lake, na lilikuwa zuri, na alilichukia.

Basi ndivyo alivyoingia mahakamani asubuhi ile, viatu viwili visivyofanana, akijua kwamba akishindwa atapoteza kesi na mwanamume kwa kauli moja ya jaji.

Chumba kilijaa. Wafanyakazi wa tanuru walijibana kwenye mabenchi, waliobaki wakasimama ukutani. Jaji alikuwa mama mtu mzima, miwani imekaa chini puani, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona akicheka. Alikuwa amesema atamsikiliza shahidi wa mwisho wa kampuni, kisha atatoa uamuzi siku hiyo hiyo na sababu zitafuata kwa maandishi, kwa vile kiwanda kilikuwa kinaendeshwa na vibarua na watu walikuwa wanaungua.

Kesi yenyewe, ukiitoa maganda ya kisheria, ilikuwa hivi. Chama kilitaka mazungumzo kuhusu ratiba mpya ya zamu. Uongozi ukakataa. Siku moja jioni, wakati zamu ya tanuru ilikuwa itoke na nyingine iingie, geti likafungwa, wale wa kuingia wakazuiwa nje. Wale wa ndani wakatangaziwa kwa kipaza sauti watoke. Hawakutoka. Walibaki na tanuru mpaka kesho yake, na kesho yake wote wakafukuzwa, walio ndani kwa kosa la kukalia kiwanda, walio nje kwa kosa la kuwasaidia. Cheche alikwisha toa ushahidi kwamba simu ya chumba cha tanuru ililia, na sauti ya meneja ikamwambia moto usilale. Wakili wa kampuni, bwana mmoja wa tai ya hariri, alitabasamu tu akasema fundi anayetaka kazi yake atasema lolote. Na meneja, katika maelezo yake, alisema jioni ile alikuwa nyumbani na hakujua lolote linaloendelea ndani mpaka kulipokucha.

Kwa hiyo yalikuwa maneno ya Cheche dhidi ya maneno ya meneja. Meneja alipopanda kizimbani, katibu wa chama aliinama akamnong'oneza wakili aanze na simu, ambane na simu, asimwache apumue. Wakili alitikisa kichwa. Ukimwuliza mtu jambo alilokwisha likana, atalikana tena, na mara ya pili atalikana vizuri zaidi.

Wakati anasimama, mlango wa nyuma ulifunguliwa. Aligeuka, akamwona baba yake. Amevaa koti lake la zamani, lile la harusi na misiba. Baba ambaye kwa miaka yote ya kazi ya binti yake hakuwahi kukanyaga mahakamani hata siku moja. Nyuma yake alikuwa mama, amekunja uso, kama mtu aliyekuja kuhakikisha tu kwamba mzee haanguki ngazini. Wakakaa benchi la mwisho. Wakili akageukia kizimba.

"Bwana Meneja," alisema, "hongera. Nasikia tanuru lenu halina mfano katika kazi hii."

Meneja alikuwa amejiandaa kutukanwa. Hongera hakujiandaa nayo. Alikaa sawasawa, akaanza kueleza, na alieleza vizuri, kwa sababu kwa kweli alilipenda tanuru lake. Alisema kioo kikiwa ndani kimeyeyuka, moto haupaswi kulala hata kidogo. Ukilala, kioo kinaganda humo humo, matofali yanapasuka, na hakuna la kufanya ila kulibomoa lote na kuanza upya. Tanuru likilala, alisema, limekufa.

"Na chini ya uongozi wako limewahi kulala?"

"Halijawahi. Waulize wote hawa."

"Hata jioni ile ya geti?"

"Hata jioni ile."

Wakili wa kampuni alijisogeza kitini kama mtu aliyekalia kitu. Lakini apinge nini? Shahidi wake alikuwa anajisifu.

"Wakati huo wewe ulikuwa nyumbani, umesema. Na zamu ya kuingia ilikuwa nje ya geti. Vibarua walikuwa wamekwisha fika?"

"Walifika kesho yake."

"Basi tanuru lilipona kwa bahati," wakili akasema, na akafunga faili lake polepole kama mtu aliyemaliza. Neno bahati alilitamka kwa dharau kidogo tu, kama mpishi anavyotia chumvi.

Meneja akavimba. "Tanuru haliendeshwi kwa bahati, wakili. Nilihakikisha."

"Ulihakikishaje, ukiwa nyumbani?"

"Nili..." Alimtazama wakili wake, lakini bwana wa tai ya hariri alikuwa ameanza kusoma dari. Jaji alishusha miwani akangoja. Meneja hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa fahari, na fahari ilikuwa imekwisha mtangulia mlangoni.

"Nilipiga simu," alisema.

"Wapi?"

"Chumba cha tanuru."

"Ukasemaje?"

"Nilisema moto usilale."

"Ulimwambia nani?"

Meneja aliinua kidole, akamwonyesha Cheche.

Wakili hakugeuka kumtazama Cheche, maana angemtazama machozi yangemtoka mbele ya jaji, na hakuna kifungu kinachoruhusu hilo. Aliendelea, sauti imeshuka.

"Tueleze, Bwana Meneja, zamu za tanuru hupokezanaje? Jaji hajawahi kufika kiwandani kwenu."

Meneja akaeleza, sasa kwa unyonge. Anayetoka huvua glavu zake na kuziweka mikononi mwa anayeingia. Humwambia: moto uko hai. Anayeingia huvaa, huuangalia moto kwa macho yake mwenyewe, kisha hujibu: nimeupokea. Kabla ya neno hilo hakuna anayeondoka, hata awe mgonjwa, hata mkewe awe anajifungua. Utaratibu huo uliwekwa na waliojenga tanuru, na kila mgeni hufundishwa siku ya kwanza.

"Jioni ile, nani aliyepokea moto?"

"Hakuna."

"Kwa nini hakuna?"

"Geti lilikuwa limefungwa."

"Na nani?"

Meneja alitazama mikono yake. "Na mimi. Amri ilikuwa yangu."

Wakili akasema hana swali lingine, akakaa.

Jaji alitoka kwa muda mfupi, akarudi, akasoma bila kupamba. Alisema mtu hawezi kuamriwa abaki na akafukuzwa kwa kubaki. Wale wa ndani hawakukalia kiwanda, walikilinda. Wale wa nje walikuwa wamefika kazini kwa wakati wakazuiwa. Wote wamefukuzwa kinyume cha sheria, wote warudi kazini leo hii, kwa zamu ya jioni, na waingie kwa geti lile lile. Kisha akawaonya wasipige makofi wala vigelegele chumbani mwake.

Hawakupiga. Lakini kwenye ukumbi wa tanuru mngurumo ni mkubwa, makofi hayasikiki, na wafanyakazi wa kule wamezoea kushangilia kwa kuinua mikono juu na kuitikisa. Mikono yote ikainuka, kimya kimya, chumba kizima kikawa viganja vinavyotikisika, vingine vina makovu, vingine vinakosa ncha ya kidole. Jaji aliwatazama juu ya miwani. Alionekana kutafuta kichwani amri inayokataza jambo hilo, akaikosa, akatoka. Katibu wa chama anaapa mpaka leo kwamba alimwona anatabasamu mlangoni, lakini katibu ni mtu wa kutia chumvi.

Kwenye korido watu walimzonga wakili, wakamshika mikono, wakamwita Kifungu mpaka jina likawa wimbo. Alijipenyeza akawafikia wazazi wake waliosimama karibu na dirisha. Baba alikuwa ameshika koti lake kifuani kwa mikono miwili.

"Hebu niambie tena alivyosema yule mama," baba alimwomba. "Masikio yangu siku hizi..."

Masikio ya baba yalikuwa mazima. Binti yake alijua. "Amesema walifukuzwa kinyume cha sheria, baba."

"Rudia."

"Walifukuzwa kinyume cha sheria."

Baba alitikisa kichwa taratibu, akitazama nje ya dirisha, kana kwamba kiwanda cha saruji kilikuwa kinaonekana kutoka pale. "Ndivyo ilivyokuwa," alisema. "Ndivyo ilivyokuwa hasa." Na wakili, aliyekuwa amejizuia mbele ya jaji, mbele ya meneja na mbele ya tai ya hariri, akalia kwenye bega la koti la harusi na misiba bila aibu yoyote.

Alipoinua uso, mama yake alikuwa amekwisha mwita Cheche. Alimwita kwa kidole, kama anavyowaita wauza mkaa, na yule mwanamume mrefu akaja akasimama mbele yake ameinamisha kichwa. Akamwamkia. Mama akaitikia kwa ufupi, akampima kutoka nyusi mpaka viatu.

"Walikufungia geti," mama alisema. "Walikutangazia utoke. Ulijua watakufukuza?"

"Nilijua, mama."

"Sasa kwa nini hukuliacha tanuru lao likafa? Ungewakomesha."

Cheche alishangaa swali lenyewe. "Hakukuwa na mtu wa kumkabidhi, mama."

Mama alimtazama mpaka Cheche akaanza kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Kisha akamgeukia binti yake, na ule mnuno wa tangu jana ukawa umeondoka bila kuaga.

"Mtu asiyeacha moto wa aliyemfukuza," mama alisema, "mwanangu atamwachaje?" Akamshika mzee mkono, akamwambia twende tukawangoje nje, huku ndani kuna joto. Hakukuwa na joto lolote.

Wakabaki wawili, yaani wawili na korido nzima ya watu waliojitia hamnazo. Wakili alijifuta macho kwa kiganja. Cheche alikuwa bado anatazama sakafu.

"Mheshimiwa," alianza.

"Kesi imekwisha. Nina jina."

"Viatu vyako havifanani."

Wakili alitazama chini, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akaona cheusi na cha buluu. Akajifunika mdomo. "Na hukuniambia siku nzima?"

"Ningekuambiaje? Nilijikataza kukutazama usoni, sikujikataza viatu. Viatu vyako nimevizoea vyote. Kile cheusi ndicho ulichovaa siku ya turubai." Sasa aliinua macho, akamtazama sawasawa. "Ulisema uamuzi ukisomwa nikuulize tena. Nakuuliza. Utakubali niwe mume wako?"

"Ndiyo."

Cheche alingoja. Aliyazoea majibu yake marefu. "Kwa kifungu gani?"

"Hakuna kifungu," wakili alisema. "Ni mimi tu. Nakupenda tangu siku ya turubai, na sina kifungu."

Mtu mmoja nyuma yao, aliyekuwa anajidai anasoma tangazo ukutani, aliinua mikono miwili juu akaitikisa. Wakafuata wengine.

Jioni walikwenda wote mpaka kiwandani, wakili na wazazi wake wakifuata nyuma ya zamu. Geti lilifunguliwa wazi, mabawa yote mawili. Kiongozi wa vibarua alikuja mpaka mlangoni mwa ukumbi, uso umeiva kwa joto, akiwa na hamu ya kwenda kwao kuliko mtu yeyote duniani. Akavua glavu zake, akaziweka mikononi mwa Cheche. Wakili alikuwa amelifanya jambo lile lielezwe mahakamani kwa ufasaha wake wote, lakini alikuwa hajawahi kuliona.

"Moto uko hai," kibarua alisema.

Cheche alivaa glavu. Akaingia ndani, akainama kwenye kidirisha cha tanuru, mwanga wa rangi ya machungwa ukamjaa usoni. Alikaa hapo kuliko ilivyohitajika. Kisha akageuka mlangoni, akawatazama wenzake, halafu akamtazama yule mwanamke wa viatu visivyo ndugu.

"Nimeupokea," alisema, na watu wakapiga kelele zote walizokatazwa mahakamani.

Hakuweza kutoka kumuaga. Alikuwa zamu, na wakili ndiye aliyeifanya mahakama nzima isikie kwamba aliye zamu haondoki. Kwa hiyo wakili alimpungia mkono kutoka mbali, akarudi nyumbani na wazazi wake, amevua viatu vyote viwili na kuvishika mkononi, akitembea peku kama msichana aliyetoka kucheza.

Nyumbani mama alikwenda moja kwa moja jikoni. Wakili na baba yake, walioketi sebuleni, walisikia vitunguu vikimwagwa mezani, kimoja kikaanguka na kuviringika. Walisikia maji yakifunguliwa, kisha brashi ikisugua kwa nguvu, kwa muda mrefu. Mama akatokea mlangoni na helmeti mikononi, inachuruzika, njano yake imerudi karibu yote. Alipita mbele yao bila kumtazama mtu, akaitundika kwenye msumari wake wa zamani, msumari ambao hakuna aliyewahi kuung'oa, akaiweka sawa kwa kidole.

Baba alisimama. Hakujua kwa nini amesimama, akabaki hivyo, mikono imening'inia.

"Ukitoka kazini kesho, niletee bakuli la vitunguu," mama alimwambia binti yake, huku amewapa mgongo. "Hii ina mwenyewe." Akajifuta mikono kwenye kanga, mara nyingi kuliko maji yaliyokuwamo. "Na liwe bakuli kubwa. Huyo mrefu mwambie aje Jumapili na watu wake, na siwezi kuwapikia wageni kwa vitunguu viwili."